Burito ya mbaazi kwa jiko la presha la umeme

Burito ni chapati nyembamba ya ngano iliyokunjwa na kufungwa pande zote, ndani yake mkiwa na maharage, wali na mboga. Asili yake ni kaskazini mwa Meksiko, katika majimbo kama Sonora na Chihuahua, ambako ngano iliyoletwa na Wahispania ilistawi na mkate wake ukachukua nafasi mezani kando ya ule wa mahindi. Afrika Mashariki ina chakula kinachokaribiana nayo sana, rolex ya Uganda, yaani chapati iliyoviringwa pamoja na mayai, kabichi na nyanya, iliyopata umaarufu Wandegeya, jirani na Chuo Kikuu cha Makerere. Rolex huliwa papo hapo ingali moto. Burito hufungwa ncha zote mbili kwa sababu inakusudiwa kubebwa, na hapo ndipo ugumu wake ulipo: mjazo ukiwa na majimaji, mkate hulowa na kupasuka kabla haujafika unakokwenda. Kuanzia kuloweka mbaazi hadi kukunja mkate, karibu kazi yote ni ya kudhibiti maji.

Anayepika Likombe, au popote katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani, hana sababu ya kutafuta maharage ya kopo. Mtwara na Lindi ni miongoni mwa mikoa inayolima mbaazi kwa wingi nchini Tanzania, na sehemu kubwa ya mbaazi hizo kwa miaka mingi imekwenda India. Agosti 2017 India ilipoweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia nchini humo, bei ya mkulima wa kusini iliporomoka vibaya. Majumbani, mbaazi hizo hizo hujulikana zaidi kwa pishi moja, mbaazi za nazi za asubuhi zinazoliwa kwa maandazi au chapati. Zinastahili zaidi ya hapo. Punje kavu zina gramu 20 hadi 22 za protini katika kila gramu 100, na protini hiyo hukamilishana vizuri na ya ngano na mchele: mbaazi zina lisini ya kutosha, ambayo nafaka zina upungufu nayo, na nafaka zina methionini, ambayo mikunde inayo kidogo. Kwa mtu asiyekula nyama wala samaki, mlo wenye vyote viwili ni kamili kuliko kila kimoja peke yake.

Kinachowafanya wengi waziepuke mbaazi kavu siku za kazi ni muda na mkaa. Zikiwekwa kwenye sufuria ya kawaida bila kulowekwa, zinaweza kuchemka saa nzima na zaidi, na maji yanaongezwa kila mara. Jiko la presha la umeme linaondoa tatizo hilo moja, na linaliondoa kabisa. Ni sufuria yenye mfuniko unaojifunga, hita chini yake, na kifaa cha ndani kinachokata na kurudisha umeme chenyewe. Maji kwenye sufuria ya wazi, usawa wa bahari kama ulivyo Mtwara, huchemka kwa nyuzijoto 100 na hayapandi zaidi hata moto ukoleezwe vipi. Mvuke ukibanwa, joto hupanda hadi karibu nyuzijoto 115, na tofauti hiyo inayoonekana ndogo hupunguza muda wa kuivisha mikunde mpaka theluthi au chini yake. Mpishi wa Mbeya au Njombe, ambako maji huchemka kabla ya kufikia nyuzijoto 100, huongeza dakika chache juu ya zile zinazotajwa hapa.

Umeme linaotumia si mwingi kama wengi wanavyohofia. Jiko la lita 5 au 6 huwa na nguvu ya wati 900 hadi 1,000, lakini hita huwaka mfululizo katika dakika 15 hadi 20 za mwanzo tu, hadi presha ijae. Baada ya hapo huwaka na kuzima kwa vipindi, kwa kuwa sufuria imefunikwa na kuta zake huhifadhi joto. Mapishi mamoja ya mbaazi humaliza kati ya robo na nusu ya uniti ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mtwara ina sababu yake ya kulitazama jiko hili kwa karibu, kwani gesi asilia ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982 upande wa Msimbati, ndiyo inayoendesha mitambo ya kuzalisha umeme mjini. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034, na umeme ni mojawapo ya njia zake. Tahadhari moja ni ya waya. Wati 1,000 ni mzigo mkubwa kwa zile ekstensheni nyembamba zinazobeba pia friji na televisheni, hivyo jiko huchomekwa moja kwa moja ukutani.

Ubora wa mbaazi huamuliwa kabla hazijafika jikoni. Mikunde iliyokaa muda mrefu katika joto na unyevu hujenga ugumu ambao hakuna kuloweka kunakouondoa vizuri, na hewa ya pwani ina vyote viwili. Mbaazi za msimu uliopita zilizokaa guniani mwaka mzima zinaweza kubaki na kiini kigumu hata baada ya dakika 45 za presha. Mbaazi hukomaa wakati wa kiangazi, kwa hiyo kuanzia Agosti na kuendelea sokoni huwa na mpya, na hizo ndizo za kununua na kuhifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa. Punje nzuri zina rangi inayolingana, hazina mikunjo wala vitobo vya wadudu. Mbaazi mbichi za kwenye maganda, zinapopatikana, ni tamu na huiva kwa dakika 5 tu za presha, ingawa hazipondeki laini kama zilizokauka.

Maji ya kuchemshia nayo yana neno. Visima vilivyochimbwa kwenye miamba ya matumbawe hutoa maji yenye chokaa nyingi, na chokaa huyafanya maganda ya mikunde yakaze. Maji ya mvua au ya bomba ni bora zaidi kwa kazi hii. Yakikosekana, kuloweka mbaazi usiku kucha katika maji yenye chumvi, kijiko kidogo kimoja na nusu kwa kila lita, husaidia kulainisha ganda, na ile imani kwamba chumvi huifanya mikunde iwe migumu haina msingi hapa. Kinachochelewesha kuiva kwa hakika ni uchachu: nyanya, ndimu na ukwaju huingia baada ya mbaazi kulainika, kamwe si kabla. Magadi, yanayotumika kote pwani kuharakisha mikunde, hayana kazi tena presha ikiwepo, na yanaharibu vitamini B1 na kubadili ladha.

Kwa burito 10 hutosha nusu kilo ya mbaazi kavu. Zikishalowekwa saa 8 na kumwagwa maji yake, huwekwa kwenye sufuria ya ndani pamoja na maji yanayozifunika na kuzidi kwa vidole viwili, kijiko kimoja cha mafuta na kitunguu kilichokatwa vipande viwili. Mafuta yapo kwa sababu ya povu. Mikunde hutoa povu jingi linaloweza kupanda na kuziba tundu la mvuke, na ndiyo maana sufuria haijazwi zaidi ya nusu. Mpira wa mfuniko hukaguliwa kama umekaa sawa katika mkondo wake, vali ya mvuke huelekezwa upande wa kufunga, na muda huwekwa dakika 15. Zisizolowekwa huhitaji maji zaidi na dakika 30 hivi. Kunde zilizolowekwa huiva kwa dakika 8 hadi 10, choroko zisizolowekwa kwa dakika 12 hadi 15, na maharage yaliyolowekwa kwa dakika 15. Majiko hutofautiana, kwa hiyo pishi la kwanza kwa kila aina ni la kujifunzia, na ni busara kuanza na dakika chache, kwani zilizobaki ngumu hurudishwa kwenye presha na zilizovurugika hazirudishiki.

Muda ukiisha, jiko huachwa lipoe lenyewe kwa dakika 15 kabla ya kugusa vali. Anayefungua mvuke mara moja hupata povu la moto linaloruka kupitia tundu, na ndani yake punje hupasuka ovyo kwa mchemko wa ghafla. Pini ndogo ya juu ya mfuniko ikishashuka, presha imekwisha na mfuniko hufunguka bila kulazimishwa. Pini ikiwa bado juu, mfuniko haulazimishwi kwa namna yoyote. Umeme ukikatika katikati ya mapishi, si hasara: sufuria iliyokwisha kujaa presha huendelea kuivisha kwa joto lake kwa muda mzuri, na mara nyingi mbaazi zilizolowekwa hukutwa zimeshaiva.

Onyo linalostahili kusomwa mara mbili linahusu maharage mekundu. Yana sumu ya asili inayoitwa fitohemaglutinini, ambayo husababisha kutapika na kuharisha vikali, na punje chache mbichi zinatosha kuleta madhara. Kuchemka kikamilifu kwa dakika 10 huiondoa, na presha huiondoa bila shida. Lakini majiko mengi ya presha yana pia kitufe cha kupika polepole, ambacho huweka chakula chini ya kiwango cha kuchemka kwa saa nyingi. Maharage mekundu yakipikwa kwa kitufe hicho bila kuchemshwa kwanza hubaki na sumu, nayo yanaonekana kama yameiva.

Mbaazi zikishaiva huchujwa, na mchuzi wake huwekwa kando kwa supu. Kitufe cha kukaangia, jiko likiwa nacho, hutumika sasa katika sufuria ile ile. Lisipokuwa nacho, kikaango hutosha. Hapa ndipo ladha ya burito isiyo na nyama hujengwa, na hapafai kuharakishwa. Jiko la pwani limezoea kukoleza mboga kwa kamba wakavu au kipande cha samaki wa kukausha, na vikiondolewa, kitu kingine lazima kichukue mahali pake. Vitunguu maji vitatu vikubwa hukaangwa polepole mpaka viwe vya kahawia kabisa, zaidi ya pale mchuzi wa kila siku unapoishia. Hufuata vitunguu saumu, tangawizi kidogo, kijiko kimoja cha bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kutwangwa, na pilipili kwa kiasi cha walaji. Kisha nyanya tatu zilizosagwa, zikaangwe hadi mafuta yajitenge pembeni. Mbaazi hurudishwa, nusu yake hupondwa kwa mwiko zikiwa humo humo ndani ya sufuria, na nusu hubaki nzima.

Tui linaruhusiwa, lakini ni la kwanza, zito, na halizidi robo kikombe. Burito si mahali pa mchuzi. Mjazo hukorogwa juu ya moto mdogo bila mfuniko mpaka upite jaribio moja rahisi: mwiko ukivutwa chini ya sufuria huacha njia, na njia hiyo hukaa wazi bila kujazwa tena na majimaji. Ikijifunga, bado. Mjazo wa moto huonekana mwepesi kuliko utakavyokuwa ukipoa, kwa hiyo hakuna haja ya kuukausha mpaka uwe unga. Chumvi huonjwa mwisho, na ndimu hukamuliwa moto ukishazimwa. Vitamini C ya ndimu husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye mikunde, faida ambayo kwa asiyekula nyama si ndogo.

Wali wa kuweka ndani hupikwa mkavu. Katika presha maji hayapotei kwa mvuke, hivyo kikombe kimoja cha mchele uliooshwa na kuchujwa huhitaji kikombe kimoja tu cha maji, dakika 4 za presha na 10 za kupoa. Wali wa nazi unafaa kama tui ni jepesi. Uliokolea mafuta huteleza na kuvunja umbo la mkunjo. Ukishaiva hutandazwa kwenye sinia upoe haraka. Vikombe viwili vya mchele vinatosha burito 10, na asiyependa kuchanganya wali na chapati anaweza kuuacha na kuongeza mboga.

Mkate ndio sehemu ambayo presha haina msaada wowote, na ndiyo inayoangusha wengi, kwa kuwa mikono iliyozoea chapati hutaka kutengeneza chapati. Chapati ya pwani hupakwa mafuta, ikakunjwa na kusukumwa tena ili iwe na matabaka. Matabaka hayo ni matamu kwenye sahani, lakini yakikunjwa juu ya mjazo mzito huachana na kupasuka. Mkate wa burito hausukumwi mara mbili. Nusu kilo ya unga mweupe wa ngano huchanganywa na kijiko kidogo kimoja na nusu cha chumvi, na vijiko vikubwa vinne vya mafuta husuguliwa ndani ya unga mkavu kwa vidole mpaka yaenee. Hufuata maji ya moto yanayovumilika mkononi, karibu mililita 280, kidogo kidogo. Unga hukandwa dakika 8 hadi 10 na kufunikwa kwa nusu saa, na mapumziko haya hayakwepeki, kwani unga usiopumzika hujirudi kila ukisukumwa. Unga wa mtama, mahindi au muhogo hauwezi kuchukua nafasi ya ngano hapa, kwa sababu hauna gluteni inayouwezesha mkate kunyumbulika. Yupo anayeweza kuchanganya kiasi kidogo cha mtama kwa ladha, si zaidi ya sehemu moja kwa nne.

Madonge 10 husukumwa moja moja mpaka mapana ya sentimita 25, membamba kiasi cha kuona kivuli cha kibao kwa mbali. Chuma cha chapati hupashwa kwa moto wa kati hadi mkali, bila tone la mafuta. Mkate huwekwa, na ndani ya nusu dakika huanza kutoa malengelenge. Hugeuzwa, ukaachwa nusu dakika nyingine, ukatolewa ukiwa na madoa machache ya kahawia na bado mweupe kwingine. Dakika moja zaidi huufanya ukauke na kuvunjika. Kila mkate ukitoka huwekwa juu ya mingine ndani ya kitambaa kisafi kilichofunikwa kwenye hotpoti, na mvuke wa mikate hiyo huilainisha.

Mboga za majani hutegemea soko. Mchicha au matembele hukaangwa upesi na kitunguu, kisha hukamuliwa kwa mwiko dhidi ya ukuta wa kikaango mpaka maji yaishe. Kisamvu hufaa sana kwa uzito wake, lakini kina viambato vinavyozaa sianidi, hivyo lazima kitwangwe vizuri na kuchemshwa kwa muda bila mfuniko kabla ya kuungwa. Kachumbari hutengenezwa kwa nyanya zilizotolewa mbegu, hutiwa chumvi na kuachwa kwenye chujio dakika 15 kabla ya kuongezwa kitunguu, giligilani na ndimu. Msimu wa maembe, vipande vidogo vya embe bichi huchukua nafasi ya nyanya na kuipita.

Wameksiko na Wamarekani huongeza jibini au krimu iliyochachuka. Mtwara ina korosho, na huu ni ubadilishaji usiopoteza kitu. Korosho zilizovunjika, ambazo ni rahisi kuliko nzima, hulowekwa katika maji ya moto nusu saa, zikachujwa na kusagwa kwenye blenda pamoja na ndimu, punje moja ya kitunguu saumu, chumvi na maji machache tu, mpaka ziwe krimu laini inayong'ang'ania kijiko. Gramu 150 zinatosha burito 10. Ikiwa nyepesi imeshindwa kazi yake, na huongezewa korosho. Parachichi linaloshuka kutoka Nyanda za Juu Kusini hufaa pia, ila hubadilika rangi haraka na si la burito ya kubeba.

Kukunja hufanywa mkate ukiwa wa moto. Mjazo hupangwa kama ukanda mfupi, chini kidogo ya katikati, ukiacha vidole vitatu kila upande: wali kwanza, mbaazi juu yake, kisha mboga na krimu. Kachumbari huwekwa mwisho, mbali na mkate. Vijiko vikubwa vitano hadi sita kwa jumla vinatosha, na kishawishi cha kuongeza ndicho kinachopasua burito nyingi. Ukingo wa chini hufunikwa juu ya mjazo na kuvutwa nyuma kidogo kwa vidole ili ukaze, pande mbili huingizwa ndani, na mkate huviringishwa mbele mpaka mwisho. Kisha burito huwekwa kwenye chuma kikavu, mshono ukiwa chini, kwa dakika moja au mbili. Joto huufunga mshono na kuukausha uso, na burito hiyo haifunguki tena mkononi.

Inayoliwa baadaye haitiwi kachumbari. Hiyo hubebwa kando. Hufungwa kwenye karatasi baada ya kupoa, kwani ikifungwa moto mvuke wake huilowesha kutoka nje. Kwa joto la Mtwara haifai kukaa nje ya friji zaidi ya saa mbili, na sababu kubwa ni wali. Mchele hubeba vijidudu vya Bacillus cereus ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemka, na wali unaolala mezani huvipa nafasi ya kuzaana na kutoa sumu isiyoondoka kwa kupashwa moto. Kwenye friji burito hukaa siku tatu, na kwenye friza mwezi mmoja au miwili bila krimu. Hupashwa kwenye kikaango kikavu kilichofunikwa, moto mdogo, ikigeuzwa mara kadhaa mpaka katikati pawe pa moto kabisa. Jiko la presha halifai kwa kazi hiyo, kwani mvuke wake huurudishia mkate maji yote yaliyotolewa kwa taabu. Lenyewe huoshwa siku hiyo hiyo, mpira wa mfuniko ukivuliwa na tundu la mvuke likizibuliwa kwa kijiti, maana ganda moja la mbaazi lililokaukia humo linatosha kuzuia mvuke kupita katika pishi linalofuata.